Namna nilivyowarudisha watoto wa miezi 18 kwenye chanjo ya surua

Nilipohamishiwa katika zahanati moja ya kijijini mkoani Tabora, jioni baada ya wagonjwa kwisha nilikuwa nakaa na rejesta ya chanjo. Safu ya dozi ya kwanza ya surua-rubela, ile ya miezi 9, ilikuwa imejaa tarehe, lakini ya dozi ya pili, ya miezi 18, ilikuwa na mapengo ukurasa baada ya ukurasa, ingawa dozi hiyo ilianza kutolewa nchini tangu mwaka 2014. Niliingiwa na hofu, kwa sababu dozi ya miezi 9 peke yake hukinga takribani watoto 85 kati ya 100, na mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Niliambiwa kwamba akina mama ni wazembe. Sikuridhika, nikaanza kuwafuata majumbani. Mama mmoja, anayetembea karibu saa mbili kufika kwetu, alifungua pindo la khanga, akatoa kadi ya mwanawe iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Nesi, mimi nimekuja mara mbili. Zote naambiwa watoto ni wachache, nirudi siku nyingine."

Alisema kweli. Chupa moja ya chanjo hii ina dozi 10 za unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa, kinachobaki baada ya saa 6 ni cha kumwagwa. Mhudumu anayeogopa kuulizwa kuhusu upotevu husubiri watoto wafike saba au wanane ndipo afungue, na hata mimi, katika kituo nilichotoka, nimewahi kumrudisha mtoto kwa sababu hiyo. Najuta mpaka leo, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Nilizungumza na mganga mfawidhi, tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa, kwamba saa ya kuchanganya itaandikwa kwenye kila chupa, na dozi zilizomwagwa zitaonyeshwa wazi katika ripoti ya mwezi pamoja na sababu yake. Kisha nikanakili majina yenye mapengo, kitongoji kwa kitongoji, nikawakabidhi wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wao ndio walionifahamisha kwamba familia nyingi huhamia mashambani msimu wa tumbaku, hivyo tukapeleka huduma ya mkoba huko huko, chanjo zikiwa ndani ya kasha lenye pakiti za barafu.

Kauli yetu ya miezi 9 nayo ilibadilika. Zamani mama alikuwa akiondoka akiamini kwamba kliniki ya chanjo imekwisha. Sasa namwandikia tarehe ya miezi 18 juu ya kadi, namwomba aisome au asomewe kabla hajanyanyuka kwenye benchi.

Yule mama alirudi siku ya soko. Watoto walikuwa wawili tu asubuhi hiyo, nikafungua chupa, nikamchoma mwanawe, nikaijaza safu yake. Katika orodha yangu yamebaki majina ya familia zilizohama kabisa, na ninaendelea kupiga simu katika zahanati za huko walikohamia, moja baada ya nyingine, nikiuliza kama watoto hao wamepokelewa.