Mtoto akisema ameshiba, ameshiba

Hii ya kulishana kwa nguvu sijui tuliitoa wapi. Mtoto wa miaka miwili anawekewa bakuli la uji ambalo hata fundi ujenzi angelifikiria mara mbili, akifika nusu anageuza uso, hapo ndo vita inaanza, mama anambana mikono, dada kashika kijiko, ikishindikana anawashiwa katuni kwenye simu ili ameze bila kujua anameza. Bakuli likiisha tunapiga makofi. Nani kasema lile bakuli ndo kipimo chake?

Mtoto anayenyonya akitosheka anaachia ziwa, hajafundishwa na mtu. Sisi ndo tunakuja kumzoesha asilisikilize tumbo lake, "maliza hicho kilichobaki, wenzio wanalala njaa", mwisho anakula mpaka sahani iwe tupu hata kama alishashiba zamani, halafu akikua sahani yenyewe ni ya chipsi na soda, tunaanza kushangaa uzito unatoka wapi.

Woga wetu naujua lakini. Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, wazee wa Kigogo wanazikumbuka njaa kwa majina, na takwimu za kitaifa za 2022 zinasema asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kwa hiyo bibi akiona mjukuu ana mashavu anapumua. Sawa, ila udumavu hauondoki kwa kumjaza uji wa sembe na sukari, huyo anataka yai, dagaa, maharage, karanga, mboga, na mtoto anaweza kuwa kibonge kabisa na bado amedumaa.

Halafu kulazimisha kwenyewe hakufanyi kazi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2006, watoto wadogo wakapewa supu, walipokuwa wanaambiwa "malizeni supu" wakala kidogo kuliko walipoachwa wenyewe, na juu yake wakaisema vibaya! Kumzuia nako hivyo hivyo. Watafiti Leann Birch na mwenzake Jennifer Fisher mwaka 1999 waliwawekea watoto kitafunwa wanakiona ila hawaruhusiwi kukigusa, matokeo yake watoto wakazidi kukitaka na kukiongelea hicho hicho. Ndo zile biskuti zako za juu ya kabati.

Na ile ya "ukimaliza mchicha nakupa soda" naiona mbaya kuliko zote, maana mtoto hapo kaelewa mchicha ni adhabu na soda ndo malipo. Wakati WHO kwa walio chini ya miaka miwili wanasema vinywaji vya sukari visiwepo kabisa, na juisi ya boksi iliyotiwa sukari imo humo jamani.

Angalia mlenda. Watoto wa huku wanaula na ugali wa uwele bila kubembelezwa, mgeni kutoka Dar anauangalia tu unavyovutika. Hakuna aliyewahutubia, waliukuta mezani kila siku na wakubwa wanakula. Mboga mpya inaweza kukataliwa hata mara kumi kabla haijakubaliwa, sisi ya pili tu tunasema "huyu hapendi mboga".

Kwangu tunafuata utaratibu wa Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani: mzazi anaamua kinachopikwa, saa ngapi na wapi kinaliwa, mtoto anaamua ale kiasi gani au asile. Asipokula natoa sahani bila maneno, anasubiri mlo unaofuata, hakuna mandazi ya katikati ya kumfidia. Hapo simsemei mtoto mgonjwa wala yule ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, huyo apelekwe kituoni haraka.

Dada wa kazi alielewa upesi, tena kafurahi, kazi imepungua. Shida ni bibi yao, akija kutoka Kongwa anakuja na karanga, hizo nazishangilia, ila kwenye kona ya khanga kuna pipi, na mimi siwezi kumfungua mama mkwe khanga.