Ghala la Yusufu na uchaga wa nyanya yangu

Kila kisa cha Yusufu kinapohubiriwa hapa kwetu Malindi, tunasimuliwa kanzu ndefu, ndoto za miganda na nyota, shimo, vipande ishirini vya fedha, mke wa Potifa na gereza, kisha mhubiri anafunga Biblia akituhimiza tusiache kuota ndoto kubwa. Nimesali katika makanisa matatu tangu utoto wangu na sikumbuki hata mara moja kusikia mahubiri juu ya ghala. Na hali ukiisoma sura ya 41 ya Mwanzo bila haraka, utaona kwamba Yusufu hakumwambia Farao maana ya ndoto kisha akanyamaza. Alimpa na mpango papo hapo: sehemu ya tano ya mavuno itengwe katika miaka saba ya shibe, iwekwe chini ya ulinzi, na isiguswe mpaka njaa ifike. Alikuwa na umri wa miaka 30, ametoka gerezani siku hiyo hiyo, na shauri alilompa mfalme lilikuwa hesabu.

Naandika haya kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyoiokoa nyumba yangu, na kwa sababu ushauri mwingi niliopewa na watu wa imani yangu kabla ya hapo ulikuwa mbaya.

Mimi ni mshonaji. Nina kibanda kando ya barabara ya Casuarina ambapo nauza mashati ya kitenge, magauni ya leso na mikoba, na mume wangu hupeleka wageni kwa mashua kutazama matumbawe. Sote wawili twala kwa mgeni. Wageni, wengi wao Waitaliano, hujaa kuanzia Desemba mpaka karibu na Pasaka. Kisha masika huanza, bahari huchafuka kwa upepo wa kusi, hoteli nyingi hufunga milango, na mji hubaki kimya mpaka Julai. Kila mwaka huwa hivyo, nasi kila mwaka tulikuwa tukishangaa kana kwamba Aprili imetuvamia usiku. Januari tulinunua makochi, Mei tukakopa unga.

Mwaka 2020 ukaja na njaa ambayo hatukuwahi kuiona. Mwishoni mwa Machi safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa, zikafunguliwa tena Agosti, lakini hata zilipofunguliwa wageni hawakurudi kama zamani. Mwezi wa Juni niliuza cherehani yangu moja kati ya mbili. Niliisindikiza mpaka mlangoni ikiwa imelazwa juu ya mkokoteni, ule ukanda wake wa ngozi ukining'inia, na yule mvulana wa mkokoteni akaniuliza kama ningetaka kuuchomoa nibaki nao. Nilimwambia aende nao.

Katika majira hayo ndipo nilipokutana na washauri. Mhubiri mmoja mgeni alitufundisha kwamba kutoka katika shida ni kupanda mbegu, akatutaka kila mmoja wetu amtolee Mungu kile kilichobaki, nami nikatoa shilingi elfu tatu na kitu nilizokuwa nimezificha kwa ajili ya dawa ya mtoto. Mzee mmoja wa ushirika wetu, mtu mwema ninayemheshimu, alinionya kwamba kuweka akiba ni dalili ya shaka, akanikumbusha mana iliyotunga mabuu ilipolazwa hadi asubuhi, na yule tajiri wa Luka 12 aliyevunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Maneno hayo yalinisumbua kwa muda mrefu, kwa kuwa yote mawili yameandikwa kweli. Lakini nilipoirudia sura ya 16 ya Kutoka niliona kwamba siku ya sita Waisraeli waliambiwa waokote maradufu na walaze, na mana ya siku hiyo haikuoza. Mungu yule yule aliyekataza kulaza ndiye aliyeagiza kulaza, kwa kuwa alijua kesho yake hakutakuwa na kitu nyikani. Na yule tajiri wa Luka alijenga ghala ili nafsi yake ipumzike, ile, inywe na kufurahi peke yake, ilhali ghala za Yusufu zililisha hata wale ndugu waliomuuza.

Hapo nikakata shauri kwamba msimu utakaofuata, katika kila faida nitakayoipata, nitatenga sehemu ya tano.

Mwaka wa kwanza nilishindwa, na nataka kueleza vizuri jinsi nilivyoshindwa kwa sababu naona wengi wakiingia kwenye shimo lile lile. Niliziweka pesa hizo kwenye simu. Kila jioni nilipiga hesabu daftarini, nikatoa gharama ya kitambaa, uzi na vifungo, na kilichobaki nikakigawa mara tano, fungu moja nikalipeleka kwenye laini ya pili ambayo nilijiapia kuwa sitaigusa. Kufikia Machi palikuwa na kiasi ambacho hakijawahi kukaa mikononi mwangu. Lakini simu ni ghala lisilo na mlango. Shemeji alifiwa, nikatoa. Injini ya mashua ikaharibika, nikatoa. Binamu alikuwa karibu kufukuzwa kwenye nyumba, na kwa kuwa nilijua ninazo, na uso wangu haujui kuficha, nikatoa. Hakuna hata shida moja kati ya hizo iliyokuwa ya uongo. Wiki ya pili ya Mei nilifungua laini ile nikakuta shilingi mia mbili na arobaini, na masika yalikuwa hayajafika nusu.

Msimu uliofuata nikaamua kwamba, kama Yusufu alihifadhi nafaka, basi nami nitahifadhi nafaka yenyewe. Agosti, wakati mavuno ya mvua za masika yanapoingia sokoni na bei ikiwa imelala, nilinunua magunia mawili ya mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, nikayasimamisha chumbani, yakiegemea ukuta, juu ya sakafu tupu. Nililala kwa amani miezi mitatu. Desemba nikaanza kuona vumbi jeupe limeizunguka miguu ya magunia, nikalifagia nikidhani ni chokaa ya ukuta. Nilipofungua gunia la kwanza mwezi wa Machi, nilitia mkono ukazama mpaka kiwiko katika kitu laini na chenye joto, nikautoa ukiwa umejaa unga na wadudu wadogo weusi. Dumuzi walikuwa wametoboa karibu kila punje. Gunia la pili lilikuwa limevuta unyevu wa ukuta, na upande mmoja umeota ukungu wa kijani. Kuna jirani aliyenishauri niyaoshe, niyaanike na kuyasaga. Namshukuru Mungu kwamba sikumsikiliza, kwani mahindi yenye ukungu hubeba sumu isiyoondoka kwa kuoshwa wala kwa kupikwa, na imewahi kuua watu katika nchi hii yetu. Niliyamwaga yote.

Nilikuwa na uchungu kiasi cha kumwambia mume wangu kwamba huenda yule mzee wa ushirika alisema kweli, na yale mabuu ya mana ndiyo haya.

Aliyenitoa hapo hakuwa Mkristo. Ni mzee mmoja wa Shella, hapa hapa Malindi, ambaye amekuwa akiniletea kanzu zake kushona tangu nilipofungua kibanda. Siku hiyo alikuja kuchukua kanzu, nikamwamkia, naye alipoitikia akauliza kwa nini sauti yangu imeanguka. Nikamsimulia. Akacheka kidogo, si kwa kunidharau, akasema: "Mwanangu, na nyinyi mnacho kisa cha Yusuf, lakini chuoni sisi tulifundishwa na neno jingine. Yusuf aliwaambia, mtakachovuna kiacheni katika mashuke yake, ila kile kidogo mtakachokula. Wewe uliyapukuchua, umewafungulia wadudu mlango."

Nilipofika nyumbani niliipekua sura ya 41 yote na sikuliona neno hilo, kwa kuwa limo katika Kurani, katika sura iitwayo kwa jina la Yusuf. Lakini usiku ule nilikumbuka jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka miaka miwili nyuma. Nyanya yangu kule Kakuyuni, ambaye sisi Wagiriama twamwita hawe, hakupukuchua mahindi hata siku moja kabla ya siku ya kuyasaga. Aliyapandisha yakiwa na maganda yake kwenye lutsaga, yaani ule uchaga wa miti uliojengwa juu ya mafiga, na moshi wa kila chakula kilichopikwa ukapita katikati yake mwaka mzima. Nilikulia chini ya uchaga ule nikiuona kuwa ni umaskini. Kumbe nilikuwa nimekaa miaka kumi chini ya ghala la Misri nikikohoa kwa sababu ya moshi.

Mama yangu bado anapikia kuni katika jiko lile lile, kwa hiyo tangu mwaka huo nanunua mahindi yakiwa na maganda kutoka kwa majirani zake, nachagua yale ambayo ganda limefunika ncha yote, kwani lililoacha ncha wazi huingiwa mapema, nayakausha juani mpaka punje zilie zinapotikiswa, kisha tunayapandisha. Kwa wale wasio na jiko la kuni, kuna mifuko minene isiyopitisha hewa ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Dada yangu anaitumia na imemfaa, mradi mahindi yawe makavu kabisa kabla ya kufungwa na panya wasiukaribie mfuko.

Kuhusu zile pesa za simu, jawabu nililipata katika mstari wa 48 wa ile sura ya 41 ya Mwanzo, mstari ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuona. Unasema kwamba Yusufu hakukusanya chakula chote mahali pamoja. Chakula cha mashamba yaliyouzunguka kila mji alikiweka ndani ya mji huo huo. Niliusoma nikasimama katikati ya chumba. Kosa langu lilikuwa kuweka akiba yote katika ghala moja, tena ghala ninalotembea nalo mkononi, badala ya kuipeleka kila sehemu pale itakapoliwa. Kwa hiyo sasa, Februari na Machi, mfuko ule wa sehemu ya tano unapojaa, siuachi ukae. Naenda kwa mwenye nyumba nalipa kodi ya Aprili, Mei na Juni, na nachukua risiti. Naenda shuleni nalipa karo ya muhula wa pili kabla muhula wa kwanza haujakwisha. Mara ya kwanza mhasibu aliniuliza mara mbili kama sikukosea. Nalipa mchango wangu wa chama wa miezi mitatu. Nanunua uzi na vitambaa vya msimu wa Julai. Anayekuja Mei kuniomba pesa namwambia ukweli, kwamba sina, na uso wangu unasema hivyo hivyo. Nikiweza namkaribisha chakula. Mume wangu, ambaye mwanzoni alilalamika kwamba namnyima raha ya Januari, ndiye sasa anayenikumbusha kwa mwenye nyumba.

Kuna mahali ambapo sikumfuata Yusufu, nami nalisema hili kwa heshima. Sura ya 47 ya Mwanzo inaeleza kwamba njaa ilipozidi, aliwauzia Wamisri nafaka mpaka fedha zao zikaisha, kisha akapokea mifugo yao, kisha mashamba yao na wao wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Wao walimshukuru kwa kuwaponya, na sitaki kumhukumu mtu aliyeokoa nchi nzima. Lakini Juni ya kwanza ambayo uchaga wetu ulikuwa na kitu na wa majirani ulikuwa mtupu, mtu alinishauri nikopeshe kibaba kimoja kwa viwili, kwamba hata Yusufu alifanya biashara. Nilimfungulia sura ya 5 ya Nehemia, ambapo watu wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na Nehemia anawakasirikia wakuu na kuwaagiza wawarudishie ndugu zao mashamba yao pamoja na riba. Kwa hiyo nilikopesha kibaba nikapokea kibaba. Wawili hawakurudisha, na mmoja wao ana watoto sita, sijamuuliza.

Mei iliyopita nilikwenda Kakuyuni na binti yangu mkubwa kuchukua mahindi ya nyumbani. Alipanda ngazi mwenyewe, akanirushia hindi moja baada ya jingine, maganda yake meusi kwa masizi yakitupaka mikono na nguo, na nilipoyamenya ndani yalikuwa meupe, makavu, hayana tundu hata moja. Tulijaza kapu mbili, yaliyobaki tukayaacha juu. Moja sikulimenya. Nilipitia nalo Shella jioni nikampelekea yule mzee, akaligeuza mkononi, akachambua ganda taratibu, akaisugua punje moja kwa kidole gumba mpaka ikang'aa, kisha akamwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza uani aje aone.