Hospitali ya Sultani Qalawun, na jasho lililoijenga

Kuna zile posti huwa zinazunguka kwenye magrupu, kwamba Waislamu wa zamani walikuwa na hospitali za bure. Ni kweli kabisa na mimi nazipenda, ila zinaruka kile ambacho mimi naona ndo utamu wenyewe wa hiyo historia: nani alitoa hela, alizitoa wapi, na alikuwa anaogopa nini.

Chukua hospitali ya al-Mansur Qalawun pale Cairo, ilijengwa 1284 na 1285. Huyu Qalawun hakuzaliwa ikulu, alikuwa Mturuki wa Kipchak kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, akauzwa utumwani kwa dinari 1,000, na ile bei ikamganda mpaka kwenye jina, wakawa wanamwita al-Alfi. Wamamluki wote ndo walikuwa hivyo, watoto wa kununuliwa, wanafundishwa farasi na upinde, wanasilimishwa, wanakuwa jeshi. Mwaka 1250 wakaichukua serikali ya Misri yenyewe, 1260 wakawapiga Wamongolia kule Ain Jalut, na 1279 Qalawun akawa sultani.

Inasimuliwa kwamba akiwa bado amiri, yaani kamanda wa jeshi, aliugua tumbo vibaya sana akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali ya Nur al-Din, mtawala wa zamani wa mji ule, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa utawala na yeye atajenga. Na alijenga kweli. Wodi za homa, za macho, za upasuaji, za kuhara, wanaume kwao wanawake kwao, tajiri kwa maskini, mwenyeji kwa mgeni, hakuna kulipa. Ibn al-Nafis, yule tabibu aliyeeleza damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine, alipofariki 1288 aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake.

Hela ilitoka kwenye wakfu, yaani maduka, mabafu, nyumba za kupangisha, kodi zote zinaingia pale. Na hapa ndo siasa inapoingia jamani, kwa sababu amiri wa Kimamluki alikuwa anaishi roho mkononi, leo una majumba, kesho mwenzako kapanda wewe umeanguka na mali yote inataifishwa, afu cheo chako mwanao harithi kwa kawaida (ukoo wa Qalawun wenyewe ulibahatika, ulikaa madarakani mpaka 1382). Mali ukiiweka wakfu inakuwa ngumu sana kuguswa, haiuzwi hairithiwi, na unaweza ukaandika kabisa kwamba wasimamizi wawe wanao na wapate mshahara humo humo. Kwa hiyo ibada na hofu vilikaa kwenye hati moja, na mimi sioni sababu ya kuficha kimoja ili kingine kionekane kizuri.

Kinachoniuma ni ujenzi wenyewe. Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Cairo, ameandika kwamba amiri Sanjar al-Shuja'i, aliyesimamia kazi, aliwakusanya mafundi wa Cairo na Fustat, mji mkongwe wa jirani, akawakataza kufanya kazi kwingine kokote, na mpita njia akikatiza pale analazimishwa kubeba mawe, hata awe juu ya farasi, mpaka watu wakaikwepa ile njia. Nguzo zikang'olewa kwenye ngome ya kisiwa cha Rawda iliyojengwa na sultani al-Salih Ayyub, bwana wa zamani wa Qalawun. Kasri lililokuwepo pale lilikuwa la binti wa ukoo wa Ayyub, ule uliotawala Misri kabla ya Wamamluki, akahamishwa. Wapo wanazuoni waliosema wazi kwamba kuswali mahali palipojengwa kwa dhuluma haifai, na walisema hivyo sultani akiwa hai! Mimi hao wanazuoni nawaheshimu kuliko hata jengo, na natamani na wao wawe wanatajwa kwenye zile posti.

Hospitali ikaendelea kutibu watu kwa karne nyingi, ikachakaa, kufika karne ya 19 waliobaki wengi ni wagonjwa wa akili katika hali mbaya. Leo kwenye sehemu ya kiwanja kile kuna hospitali ya macho.