Taa za spoti kwenye Hilux yangu: ukipiga dimu zinawaka, ukipiga fulu zinazima

Harufu ndo ilinishtua kwanza. Ile ya plastiki inayoungua, ukishaisikia mara moja kwenye gari huisahau. Nlikuwa natoka Mlimba naelekea Ifakara, usiku, nimepakia mpunga, na nlikuwa najisifu kabisa maana taa mpya mbili kwenye bampa zilikuwa zinamulika mpaka unaona macho ya mbuzi mbali huko. Mara moshi kidogo unatoka pale chini ya usukani, taa zote za mbele zikafa, giza, na ile barabara mnaijua, kushoto kuna mtaro kulia kuna mtaro. Dogo niliyekuwa naye akaniambia "kaka zima gari!" nikazima, nikashuka nikachomoa terminali ya betri kwa mkono mtupu sijui hata nilipata wapi nguvu.

Asubuhi kulivyokucha nikaona madhara, swichi ya usukani, ile unayowashia taa na indiketa, ilikuwa imeyeyuka ndani.

Gari yenyewe ni Hilux ya 1996, kebini moja, dizeli, injini ile inayoitwa 3L. Taa za spoti alinifungia fundi mmoja mjini, simtaji, na kazi yake ilichukua kama dakika 40. Alichofanya ni kile kinachofanywa karibu kila gereji ya uchochoroni, aliibia umeme kwenye soketi ya taa kubwa, akasokota waya kwa waya akazungushia solotepu, basi. Fyuzi ikakata siku ya pili. Nikamrudia, akatoa fyuzi ya gari akaweka ya kijani, ya 30, akaniambia "sasa hapo boss haikati tena". Na kweli haikukata. Ikaungua swichi.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la saba anaiweza. Taa zangu ni halojeni, kila moja wati 55, mbili ni wati 110, gawanya kwa volti 12 unapata ampia 9 na kidogo. Taa kubwa zenyewe za gari kwenye fulu (mwanga wa mbali) ni wati 60 kila upande, jumla 120, nazo ni ampia 10. Kwahiyo ile njia aliyoitengeneza Toyota ipitishe ampia 10, sisi tukaipitishia karibu 20, halafu mlinzi aliyekuwa anapiga kelele kuwa mzigo umezidi tukamfukuza kazi tukamweka aliyelala. Watu wengi wanadhani fyuzi iko pale kulinda taa. Taa ikiungua ni balbu tu unanunua nyingine, fyuzi inalinda waya, maana waya ukipata moto unapita katikati ya waya wenzake na karibu na paipu za dizeli na makapeti.

Basi baada ya kununua swichi nyingine (mtumba, na bei sitaki hata kuitaja) nikasema hii kazi naifanya mwenyewe, polepole, wikiendi nzima.

Wazo la msingi ni kwamba umeme wa taa usipite kabisa kwenye swichi yoyote ya ndani. Utoke betri, upite kwenye fyuzi yake, uingie relei (swichi inayowashwa kwa umeme badala ya kidole), utoke uende kwenye taa, urudi kwenye bodi, yaani bati la gari lililoungwa na hasi ya betri. Swichi yako ya dashibodi kazi yake ni kuiambia tu relei "washa", na umeme wa kuiambia hivyo ni mdogo mno, haufiki hata robo ampia, unaweza kutumia kijiwaya chembamba na hakuna kinachopata moto. Fyuzi nimeweka ya 15, ile ya bluu, na nimeiweka karibu kabisa na betri, kama shubiri moja tu. Usiiweke kule mbele karibu na taa kama nilivyoona kwa jamaa mmoja, maana kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka kikagusa chuma kitawaka chenyewe na fyuzi inakitazama tu.

Waya nimetumia wa milimita 2.5 za mraba, wa gari, wenye nyuzi nyingi laini. Sio ule wa nyumba wenye kopa moja nene ndani. Najua ule wa nyumba unabaki bure baada ya kujenga na unatia tamaa, ila gari inatetemeka, hasa dizeli, na ule waya mgumu unakatika ndani ya ganda lake bila wewe kuona, halafu taa inawaka inazima inawaka unatafuta mwezi mzima.

Relei sasa. Ya kwanza niliyonunua haikulia hata "tk". Nimeunganisha nikatoa nikaunganisha tena, nikahisi nimekosea kila kitu, kumbe imeandikwa 24V ubavuni kwa maandishi madogo, relei ya Fuso! Muuza duka alinipa tu iliyo karibu na mkono. Someni maandishi kabla ya kulipa. Namba za miguu ziko kwenye relei yenyewe, 30 ni umeme unaotoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 85 na 86 ni za koili, ile sumaku ya ndani inayoifanya relei iwashe. Kama ina miguu mitano, ule wa kati umeandikwa 87a na huo una umeme relei ikiwa imelala, ukiufungia taa zako zitawaka usiku kucha na asubuhi unatafuta watu wa kusukuma.

Nikafunga kama mchoro wa kwenye boksi la taa ulivyosema. Mguu mmoja wa koili nikauchukulia umeme kwenye waya wa fulu, kupitia swichi yangu, ili nikipishana na gari nikashusha dimu, taa za spoti nazo zizime zenyewe. Mguu mwingine nikaupeleka kwenye bodi. Nikawasha. Dimu (mwanga wa chini), spoti zinawaka. Fulu, spoti zinazima. Kinyume kabisa! Nikarudia mara tatu. Dogo akacheka mpaka akakaa chini, anasema kaka gari yako ina mapepo.

Jioni nikampitia mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi umeme wa magari toka enzi, siku hizi macho hayaoni vizuri ila kichwa kizima. "Shikamoo mzee." "Marahaba, umeunguza tena?" Nikamweleza. Hakuomba hata kuiona gari. Akasema, "Hiyo Toyota ya zamani mwanangu. Hiyo swichi yake haikati chanya, inakata hasi."

Yaani hivi. Kwenye gari nyingi, umeme chanya unatoka kwenye swichi unakwenda kwenye taa na upande wa pili umefungwa kwenye bodi moja kwa moja. Kwenye Toyota nyingi za zamani ni kinyume, ukiwasha taa chanya inafika kwenye mguu wa pamoja wa balbu muda wote, na ile swichi ya usukani inachagua tu ni waya gani wa hasi uende kwenye bodi, wa dimu au wa fulu. Sasa ukiwa kwenye dimu, ule mguu wa fulu unaning'inia hewani, umeme unapita kwenye nyuzi ya balbu unatokea pale, mimi nikaupeleka kwenye koili, relei ikalia, taa zikawaka. Nikipiga fulu, ule mguu unagusa bodi, pande zote mbili za koili zinakuwa hasi, relei inalala. Ndo mapepo yenyewe hayo. Na ndo maana pia swichi yangu ya kwanza iliyeyuka, ampia zote zile zilikuwa zinarudi kupitia tumbo lake.

Dawa aliyonipa ni rahisi mpaka nikaona aibu. Koili usiipeleke kwenye bodi kabisa. Mguu mmoja kwenye ule waya wa pamoja wa soketi ya taa, mwingine kwenye waya wa fulu wa soketi hiyohiyo, swichi yako ya dashibodi ikae katikati ya mmojawapo. Koili inakuwa sambamba na balbu ya fulu, balbu ikiwaka nayo inashtuka, na hapo haijalishi gari inakata chanya au hasi, labda tu uwe na relei yenye dayodi ndani (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), hiyo inajali upande. Kwa magari mapya yanayoendesha taa kwa kompyuta msinifuate mimi, huko simjui mtu aliyechezea na tesita ya balbu akabaki salama.

Vingine navipitia haraka. Kabla ya kugusa chochote toa hasi ya betri kwanza na irudishe ya mwisho, ukianza na chanya na spana namba 10 ikagusa bodi utaona cheche ambazo hujawahi kuona. Pa kufungia eathi piga msasa mpaka chuma king'ae, rangi haipitishi umeme, halafu bolti, halafu paka grisi juu maana Kilombero na matope yake kutu inakuja ndani ya masika moja. Maungio nimebana kwa terminali na plaizi na kuvalisha kale kampira kanakosinyaa ukikapitishia moto, solotepu peke yake kwenye joto la injini inalainika gundi na kujifungua. Waya unaopita kutoka injini kwenda kebini lazima upite kwenye raba, ile tundu ya bati ni kisu. Na mbali na ekzosi, mbali na feni.

Nilivyomaliza nikapima gari ikiwa inaunguruma, betri volti 14.1, kwenye taa 13.7. Nikaacha taa zimewaka nusu saa, nikawa napita na vidole, fyuzi, relei, kila ungio. Vuguvugu kidogo kwenye fyuzi, kwingine kawaida tu.

Imepita miezi minne, hakuna kilichoungua. Ila wiki iliyopita taa za spoti zote mbili zikagoma, nikajua basi tena, kufungua shoo ya mbele nakuta panya wa mpunga ametafuna waya sentimita kama kumi, na fyuzi ya bluu imekata. Nimebadilisha kipande, nimekivalisha paipu ya plastiki, panya bado simjui alipo.