Kabati la viatu lilivyomrudisha mpwa wangu

Dada yangu aliniletea mwanawe kwenye karakana yangu ya useremala Keko, Dar es Salaam, akiwa na miaka 16, shule ameacha, na mtaani jina lake limeshaanza kutajwa pamoja na panya road, yale magenge ya vijana waporaji. Majirani ushauri wao ulikuwa mmoja: mpeleke polisi akanyooshwe. Uliniudhi, na unaniudhi mpaka leo. Niliowaona wakitoka huko walirudi wamekomaa zaidi.

Mwanzo nilikosea. Nilimkalisha yeye na wenzake watatu kila baada ya isha, nawapa mawaidha ya moto na adhabu ya kaburi. Wanaitikia "sawa mjomba", na wiki ya pili msumeno wangu wa umeme ukaondoka. Kosa jingine, kuwalipa kwa mkupuo Jumamosi. Jumatatu wanakuja macho mekundu. Nikakumbuka Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Basi ikawa kila jioni elfu tatu, siku nyingine tano, na kiasi nawapelekea mama zao. Tunalipana, tunatawadha, tunakwenda magharibi pamoja.

Lakini kilichowageuza ni kabati la viatu. Msikitini walijulikana kwa wizi wa kandambili, na wazee walipoona nimeingia nao wakaanza kuvuta viatu vyao ndani. Mpwa wangu aliliona hilo. "Mjomba, pale sirudi tena." Nikamwambia Nabii Zakaria alikuwa seremala, na sisi tutawajibu kwa useremala. Nikatoa mbao za mkongo zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Siku nne wanapiga randa. Mpwa wangu anapiga msasa rafu moja moja, kisha anapitisha kiganja taratibu. Akihisi mkwaruzo anarudia, ili mtu asichomwe na kibanzi anapochukua viatu vyake. Wala sikumwagiza. Usiku wa kuamkia Ijumaa tukalibeba begani.

Kesho yake imamu akawaweka wao wenyewe mlangoni wapange viatu. Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote akavua makubadhi yake, akasita, halafu akamkabidhi mpwa wangu mkononi. "Shika, mwanangu." Njia nzima ya kurudi aliniuliza, "Mjomba, umesikia alivyoniita?"

Mmoja ametuponyoka, amerudi kwenye bangi. Kila Ijumaa nampitia kwao, na meza yake ya kazi sijampa mtu. Mpwa wangu sasa ananisumbua kuhusu chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, maana VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi mtu alioupata kazini bila kukaa darasani. Mwenye kijana wa namna hii akaulizie. Nilitaka kumlipia mimi, akakataa, anadunduliza mwenyewe. Funguo za karakana anakaa nazo yeye, alfajiri ananigongea dirisha twende tukaswali.