Barua Isiyo na Jina Lake

Afande wa kaunta aliniuliza jina la mtu niliyemfuata. Nikasema, "Yero."

"Yero ni Wamasai wote, dada. Huyu wa kwako anaitwa nani?"

Sikujua. Miaka mitatu alikuwa analinda geti letu pale Tabata. Nyumba tano tulichanga kumlipa, na mimi ndiye niliyekusanya hela kila tarehe tano na kumkabidhi mkononi. Jioni alikunywa chai yetu. Usiku mwanangu aliposhikwa na degedege, yeye ndiye aliyekimbia hadi barabarani kutafuta teksi, akarudi ameshikilia mlango wa gari huku linatembea. Jina lake sikuwahi kuliuliza. Dar es Salaam kila mwanamume mwenye shuka na fimbo huitwa Yero, naye huitika.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka 2006. Usiku wa kuamkia siku hiyo kijana mmoja aliruka ukuta wa jirani, na Yero akampiga rungu la mkono, moja tu. Mfupa ukavunjika. Kijana mwenyewe alikuwa wa mtaa wa pili, ana ndugu na ana majirani. Kabla jua halijapanda walikuwa wameshafika kituoni, wamepewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, wamempeleka hospitali. Jirani yetu hakwenda kutoa taarifa kwa kuwa hakuibiwa kitu. Kwa hiyo katika kitabu cha polisi palikuwa na majeruhi mmoja na Mmasai mmoja, basi.

Nilimkuta anavuliwa vitu vyake kabla ya kuingizwa mahabusu. Sime ilikuwa juu ya kaunta, na rungu, na simu ya tochi, na zile katambuga za matairi, na mkanda wa shanga. Zilibaki hereni. Sikio lake lilitobolewa na kutanuliwa tangu utotoni, na pete ile ya shanga haitoki kwa kuvutwa. Askari kijana akavuta mara ya kwanza, akavuta mara ya pili. Yero akamshika kiganja, bila nguvu, akamsogeza pembeni. Kisha akaikunja nyama ya sikio kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepitisha kifungo kwenye tundu dogo, pete ikatoka. Akaiweka kaunta mwenyewe. Akafanya hivyo na upande wa pili.

"Umri?"

"Korianga."

Afande akanitazama mimi. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Korianga ni rika lake, watu waliotahiriwa kipindi kimoja, na kwamba kwao hilo ndilo jibu kamili la swali la umri. Siku ile nilinyamaza. Afande akaandika miaka 25. Akamuuliza jina, Yero akalitaja kwa sauti ya chini, afande akaandika alivyosikia yeye, na mwisho akaongeza "Masai". Mimi sikulisikia vizuri. Ningeweza kusema, "Samahani, hebu rudia." Niliona aibu kuuliza, mbele ya watu, jina la mtu ambaye nimekula naye miaka mitatu.

Ukutani palikuwa na karatasi inayosema dhamana hutolewa bure. Nikaambiwa hali ya majeruhi haijajulikana, nirudi Jumatatu mahakamani. Sheria ilisema saa 24. Yero alilala pale siku tatu.

Siku hizo hizo mimi nilikuwa natafuta barua ya udhamini kwa mtendaji wa mtaa. Alipofika kwenye jina la mtuhumiwa, kalamu ikasimama, akaninyanyulia macho. Nikasema, "Andika Yero Masai." Akaandika. Akagonga muhuri.

Jumatatu tuliketi katika ukumbi mdogo wa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alikuwa mama wa makamo, na pembeni yake wazee washauri wawili. Wakili hakuna, wakati huo mawakili hawakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo. Karani akaita jina. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Askari akamgusa Yero begani, ndipo akasimama, peku, shuka ameishika kwa mkono kwa kuwa mkanda ulibaki kituoni.

Akasomewa shtaka: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu.

"Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

"Kweli," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Anaruka ukuta. Mimi napiga mkono. Kweli."

Miguu yangu iliisha nguvu pale kwenye benchi. Kosa hilo adhabu yake inafika miaka mitano jela. Na sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kujilinda, na kulinda mali aliyokabidhiwa; lakini hilo husikilizwa ukishasema si kweli. Yeye angeanzaje kusema si kweli? Kwao jambo hupelekwa mbele ya wazee na kusimuliwa lote, mwanzo hadi mwisho, na kukana ulilolifanya ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Ukishasema, ndipo wazee wanatafuta namna ya kulipa na kupatana. Hata damu ikimwagika kuna hesabu yake. Kwa mwanamume aliyeuawa, ng'ombe 49. Hapa aliulizwa neno moja akajibu kwa heshima aliyofundishwa. Watu husema Mahakama ya Mwanzo ni ya wananchi kwa kuwa inatumia Kiswahili. Nami nimekipenda Kiswahili maisha yangu yote, na mwaka 2021 sheria ilipokifanya kuwa lugha ya mahakama zote nilifurahi kweli. Ila kizimbani siku ile, Kiswahili changu ndicho kilikuwa Kiingereza chake.

Mmoja wa wazee washauri, mwenye kofia ya kiua, aliinama kwa hakimu. Nilikuwa karibu, nikamsikia: "Mheshimiwa, huyu anasimulia. Hajakiri."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akamuuliza Yero kama anaelewa Kiswahili. "Cha kazi," akajibu. Hakimu akaandika kwamba amekana, akaagiza atafutwe mkalimani, akatamka kwamba dhamana iko wazi. Mpaka leo namwombea dua mzee yule.

Nikapeleka barua yangu kwa karani. Akaiweka kando ya hati ya mashtaka, akapitisha kidole juu ya hii, kisha juu ya ile.

"Hapa jina ni hili. Hapa umeandika Yero Masai. Dada, unamdhamini nani?"

Saa tisa karandinga liliondoka naye. Kesi ilikuwa imeahirishwa wiki mbili.

Usiku ule mzee mmoja wa Kimasai alikuja getini. Anauza dawa Kariakoo, na alikuwa ameshapata habari zote. Akakaa kwenye kile kiti cha Yero. Nilitoka na daftari la shule la mwanangu nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unitajie jina lake." Akalitaja, na la baba yake, na la babu, polepole, nami naandika. Kisha akataka nimsomee. Nilikosea mara mbili, akanirekebisha mara mbili. Jina hilo sitaliandika hapa, ni lake. Kesho yake mzee na wenzake wawili walikwenda kwa akina yule kijana, wakakaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Waliyozungumza siyajui. Tarehe ya tatu ya kesi mlalamikaji hakutokea, na haikuchukua muda shauri likafutwa.

Septemba 2007, mwaka mmoja baada ya hapo, Tanzania ilipiga kura kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili. Kifungu cha 13 kinataka watu hao waelewe na waeleweke katika mashauri ya kisheria, na mkalimani atafutwe inapolazimu. Nilikisoma mwaka 2022, wakati Wamasai zaidi ya 20 wa Loliondo, kaskazini mwa nchi, wakiwa rumande Arusha kwa shtaka la kumuua askari mmoja mwezi Juni. Shtaka la mauaji halina dhamana. Walikaa miezi, hadi Novemba mwendesha mashtaka wa serikali alipofuta kesi. Kila nilipoona picha zao wakishuka kwenye gari la magereza nilitazama vichwa vyao.

Maana siku Yero aliporudishwa mahakamani, nikiwa na barua mpya yenye jina lake lote, nilimpita bila kumtambua. Kabla ya kukamatwa alikuwa na nywele ndefu, zimesokotwa nyembamba na kupakwa udongo mwekundu, zinafika mabegani. Kijana wa Kimasai huzifuga hadi sherehe ya kuuaga umorani, na siku hiyo mama yake ndiye humnyoa. Rumande walikuwa wamezinyoa zote. Kichwa kilikuwa cheupe, kina mikwaruzo ya wembe juu ya sikio.

Dhamana ilipokamilika tulitoka nje. Mzee wa Kariakoo alikuwa anatusubiri chini ya mwarobaini. Yero akamwendea, akainamisha kichwa, kama kijana anavyotakiwa kuinama ili mkubwa amguse utosini. Mkono wa mzee ulinyanyuka, ukasimama hewani. Akauliza kitu kwa Kimaasai, maneno mawili au matatu. Yero hakujibu, hakuinua kichwa. Alibaki ameinama vile vile, akisubiri, hadi mkono uliposhuka ukamgusa.