Ratiba ya barabara huvunjikia kwenye kalavati

Ratiba nyingi za ujenzi wa barabara huvunjika kwenye kalavati, yaani njia ya kupitisha maji chini ya barabara, wala si kwenye lami. Zege la kuta linahitaji muda wa kukomaa kabla ya kujaza udongo pembeni. Ukiharakisha, kuta hupasuka. Ukichelewa kuzianza, greda na rola husimama bure. Kwa hiyo makalavati yaanze kabla njia yote haijasafishwa.

Kisha malori. Tabaka la kifusi lenye urefu wa kilomita 1, upana wa mita 10 na unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 1,500 baada ya kushindiliwa. Kifusi kikiwa kwenye lori kimelegea, hivyo ongeza takriban asilimia 25: unapata 1,875, yaani safari 125 za lori la mita za ujazo 15. Malori 5 yakienda kila moja mara 5 kwa siku, ni siku 5, ikiwa tu greda na rola zinamudu kasi hiyo.

Mvua ya siku moja huweza kula siku tatu, maana udongo tepetepe haushindiliki.

Tabaka lenye saruji lihifadhiwe na unyevu kwa siku 7, bila malori kupita juu. Ziandike siku hizo kama kazi kamili kwenye ratiba.